Kanda Zilizogawiwa Kama Juzuu

Nyinyi mlioajiriwa juzi kwenye chumba cha kompyuta mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi yangu, nami nimekubali upesi kabla hamjajuta. Nawaita wadogo zangu, ingawa wawili kati yenu mmenizidi umri na wote mmenizidi vyeti. Mstaafu ni mimi. Nina miaka thelathini na tatu.

Msicheke sana. Cheo changu kilikuwa Mtunza Kanda. Mwaka huu ofisi ikaona kanda za kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta hazina kazi tena, cheo kikafutwa, na mwenye cheo naye ikabidi afutwe. Ofisa utumishi akatafuta fomu ya kumwondoa mtu ambaye hakukosa, hakuugua, hakufa wala hakuomba kwenda zake. Hakuipata. Iliyokuwepo ilikuwa ya kustaafu. Nikaagwa siku moja na wazee wawili, tukakalishwa mstari mmoja, kila mtu akapewa bakora. Fundi alizichonga zote tatu kwa kipimo kimoja, ya kwangu inanifika kwapani. Mgeni wa heshima akanitakia uzee mwema.

Basi, kwa kuwa uzee ni mwema na muda ninao, naandika.

Niliingia ofisi ya daftari la mikarafuu hapa Mkoani nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikuingia kwa kompyuta, niliingia kwa fagio. Shule nilikomea kidato cha pili. Mwalimu wangu wa hesabu aliwahi kumwambia mama kwamba mimi si mjinga, ila akili yangu huwa haipo darasani. Ni kweli. Ilikuwa ikitembea. Nilikuwa nikikaa dirishani naota kwamba nitakuwa rubani, au mtu wa kusoma habari redioni, au angalau mtu mwenye funguo za chumba fulani. Hilo la mwisho Mungu alinijaalia.

Kwenye usaili waliniuliza kama naijua kompyuta. Nikajibu naijua kwa sura. Wakacheka, wakaniandika.

Kwa wale kati yenu mliotoka mbali, niwaeleze ofisi yenyewe ilikuwa ikifanya nini, maana naona hata kibao cha mlangoni hakisemi. Huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mikarafuu iliyosimama juu yake ikawa ya mwengine. Babu kampa mjukuu miti mitano, mume kampa mke kumi, mtu kapanda kwenye shamba la shemeji yake kwa ruhusa ya mdomo. Yote hayo yanakwenda vizuri mpaka mtu afe. Akifa, kila mti unapata wenyewe watatu. Kwa hiyo maofisa walipita shehia kwa shehia wakiandika mti ni wa nani, uko wapi, na kaupataje. Vitabu vyenyewe vikaingizwa kwenye kompyuta. Baada ya hapo vitabu vikapelekwa stoo, ambako mchwa walivipitia ukurasa kwa ukurasa. Naamini hakuna aliyewahi kulisoma daftari lile kwa makini kama wao.

Mkuu wa chumba cha kompyuta alikuwa Mzee Faki. Alivaa sweta juu ya kanzu mwaka mzima kwa sababu ya kiyoyozi, na akipita sokoni na sweta lake jua la saa saba watu walimwonea huruma. Siku yangu ya kwanza nilishika kitambara kimaji niifute mashine.

"Raya," akaniita, "hiyo si meza ya chai."

"Ina vumbi, mzee."

"Vumbi halijapata kumfutia mtu kumbukumbu. Maji yashafuta."

Nikabadilisha kitambara. Halafu nikaziona kanda. Zilikuwa kabatini, kila moja kama kipande cha sabuni ya kufulia, na kila moja ina jina la shehia kwa mwandiko mzuri wa chuoni wa Mzee Faki. Nilizipangusa moja moja na kuzirudisha pale pale zilipokuwa. Sikujua kuwa ananitazama. Wiki ya pili akanifundisha kuzipakia mashineni. Mwezi wa tatu fagio akapewa mtu mwengine.

Kazi ilikuwa hivi. Kompyuta ilitumia mfumo wa zamani, kioo cheusi na herufi nyeupe, hauna picha wala hauna salamu. Unauandikia amri, ukikosea herufi moja unakaa kimya kama mkwe. Kila wiki tuliuamrisha unakili daftari zima kwenye kanda, shehia moja kanda moja. Mashine ya kanda ilikuwa ikilia kama kuku anayetaga, na ikimaliza unaitoa kanda, unasogeza kijino kilicho ubavuni. Kijino kikiwa kimefungwa, kanda inasomeka lakini haiandikiki. Kikiwa wazi, mpumbavu yeyote anaweza kuandika juu yake. Mzee Faki alinambia: "Kusoma na kuandika unaweza kusahau, Raya, ushafanya hivyo. Kijino usisahau." Alikuwa na maneno makali na mikono laini.

Masika moja paa lilivuja juu kabisa ya kabati. Mzee Faki akaandika barua kuomba kabati la chuma na mahali pa pili pa kuweka nakala. Jibu lilirudi baada ya miezi miwili, nalo lilikuwa neno moja: Imepokelewa. Akaandika tena. Ikapokelewa tena. Ya tatu hakuandika. Alinakili seti nzima upya kwenye kanda za ziada, akatuita wafanyakazi wote kumi na wawili chumbani kwake baada ya sala ya adhuhuri, akazimwaga mezani.

"Mnajua tunavyosoma khitma," akasema. "Msahafu mmoja, juzuu thelathini, kila mmoja anachukua yake. Basi na hizi chukueni. Kila mtu moja, mwenye nyumba isiyovuja achukue mbili. Mkaziweke pakavu, pa juu, mbali na redio."

"Mzee, hii ruhusa imo?" akauliza Bakari, dereva wetu.

"Imo moyoni mwangu. Wewe chukua Wambaa."

Bakari akaipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea juzuu, akaibusu kwa mazoea, tukacheka hadi karani wa mlango wa pili akaja kutazama. Mzee Faki aliandika kwenye daftari lake dogo nani kachukua nini. Ofisi haikujua, na kusema kweli ofisi haikuwa na tabia ya kujua.

Mzee Faki alistaafu miaka michache baadaye, kwa umri wake halali. Mimi nikabaki na funguo. Kisha mfumo mpya ukaja.

Mfumo mpya uliletwa kutoka Unguja na Injinia Seif, kijana mtanashati, ananukia, na begi lake lina zipu nyingi kuliko gauni la harusi. Alikuwa kasoma kila kitu isipokuwa kuogopa. Mfumo wenyewe ni huu mnaoutumia nyinyi, wenye picha na rangi, unakukaribisha ukiingia na kukuaga ukitoka. Mkuu wetu wa ofisi aliupenda sana kwa sababu ungeweza kuweka picha yake kwenye kioo.

Walizima kompyuta ya zamani siku ya Jumatatu. Diski yake wakaifuta.

Nikauliza, "Injinia, hatuhamishi daftari kwanza?"

"Tutahamisha kutoka kwenye kanda."

"Ushajaribu kuisoma hata moja kwenye hii mpya?"

"Kanda zipo, dada Raya. Tatizo nini?"

Kanda zipo. Mkitaka kujua ofisi yetu ilivyoendeshwa kwa miaka kumi na minne, maneno mawili hayo yanatosha. Zilikuwepo, na miezi minane hakuna aliyezigusa. Mikutano ya kuupongeza mfumo mpya ilifanyika minne. Biriani ililiwa katika mitatu.

Ndipo akaja Bi Mize.

Alikuwa mama aliyepita umri wa makamo, kutoka Wambaa, kashika mwavuli uliofungwa na kamba ya mgomba. Akatoa salamu chumba kizima, mtu mmoja mmoja, mpaka na Injinia Seif aliyekuwa na simu sikioni. Akakaa ukingoni mwa benchi, kisha akaielekezea kompyuta mwavuli.

"Mwanangu, mikarafuu yangu imo humo?"

"Imo, bibi."

"Basi nitolee karatasi."

Akanieleza. Baba yake, Mzee Omari, alimpa mikarafuu kumi na moja ya bondeni akiwa hai. Miaka yote anaipalilia na kuichuma yeye. Sasa baba kafa, na Hamadi, kaka mtu anayekaa Unguja, kaja anasema hakuna kitu kama hicho, shamba lote lirithiwe pamoja na kila kilichosimama juu yake, tena liuzwe. Wamefika kwa kadhi. Kadhi kasema kama baba alimpa, basi ofisi ya daftari itakuwa imeandika. Kampa siku kumi alete karatasi. Asipoleta, miti inaingia kwenye mirathi, Hamadi mafungu mawili na yeye moja, na mnunuzi keshaonekana, mtu wa kukata na kujenga.

"Mashahidi wangu wote wako kaburini," akasema. "Kabaki huyo," akaielekezea tena kompyuta mwavuli.

Injinia Seif alikuwa na roho nzuri, hilo sharti niseme. Alikata simu, akasema kazi hiyo ataifanya mwenyewe, sasa hivi, mama asubiri. Akaichukua kanda ya Wambaa kabatini, akaitia. Kuku akataga mara mbili, akanyamaza. Kwenye kioo pakatoka kisanduku kizuri cha buluu, kwa Kizungu: chombo hiki hakitambuliki, je, kitayarishwe?

"Injinia," nikasema, "usibonyeze."

"Haina kitu, dada. Kompyuta yenyewe inasema."

"Kompyuta haiijui, basi. Miye babu yako simjui, lakini simwambii mtu kuwa hukuwa naye."

"Inaomba kuitayarisha tu, isomeke."

"Injinia, mna watu humo!"

Akabonyeza.

Kutayarisha ni neno zuri, sijui nani aliwafunza hao watengenezaji adabu. Kanda ikatayarishwa. Ikawa tayari kabisa, tupu kama sufuria ya daku baada ya adhana. Injinia alikikodolea kioo macho.

"Ishatoka?" akauliza Bi Mize.

"Bado, bibi," nikamwambia. "Rudi nyumbani. Nitakuletea habari mwenyewe."

Niseme na kosa langu. Kijino cha kanda ile kilikuwa wazi. Nilikifungua mwenyewe wiki moja kabla ya mfumo wa zamani kuzimwa, nikitaka kuchukua nakala mpya, halafu nikaitwa kupanga viti vya mkutano wa kuupokea mfumo mpya. Sikurudi kukifunga. Jambo moja nililoambiwa nisisahau. Nilijifungia stoo nikalia mpaka ushungi ukalowa, kisha nikatoka kwa sababu stoo ile ina mchwa.

Mkuu wa ofisi alipoelezwa hakushtuka. Watu wa cheo chake hawashtuki, huandika barua. Akanisomea ya kwenda kwa kadhi: kwamba kumbukumbu husika hazikuwahi kuwepo.

"Lakini mkuu, asubuhi zilikuwepo," nikasema.

"Sasa ni mchana, Raya."

Nikaomba ruhusa ya kwenda hospitali kwa kichwa, na kichwa kweli kilikuwa kinauma, nikapanda gari ya kwenda Wawi, anakokaa Mzee Faki.

Nilimkuta uani analisha mabata, sweta kalivua, nikaona mikono yake kwa mara ya kwanza mpaka juu ya kiwiko. Nikamwamkia, nikakaa.

"Mzee, wamefuta Wambaa."

"Wambaa yote?"

"Yote."

Akawatupia mabata pumba. "Bahari imejaribu miaka mingapi," akasema, "injinia kaweza kwa kidole kimoja."

Nikamwambia na la kijino. Nilitaka anitukane, nipumue. Hakunitukana. Aliingia ndani akatoka na lile daftari dogo, akalifunua ukurasa kwa ukurasa.

"Wambaa... Wambaa nilimpa Bakari."

"Mzee, Bakari kafa mwaka juzi. Tulikwenda kuzika pamoja."

"Kafa yeye. Kanda haikufa. Mkewe yupo nyuma ya msikiti hapo, vaa viatu."

Bi Saada, mjane wa Bakari, alitukaribisha barazani kwa adabu zote, akatutilia chai, lakini habari ya kanda ilipotajwa akakunja mikono.

"Marehemu alinambia kile kitu hakiguswi na mwenye mikono michafu wala mwenye haraka. Huyu," akaniangalia, "ana haraka."

"Bi Saada, ni ya ofisi," nikasema.

"Ofisi! Ofisi imemfanyia nini Bakari? Kaendesha gari yao miaka ishirini, siku ya maziko gari ikawa haina mafuta, maiti tukaipakia ya jirani. Leo ofisi inataka kitu chake?"

Nilikuwepo siku ile, na mafuta yalikuwepo. Mzee Faki akaweka kikombe chini.

"Saada, si ya ofisi. Ofisi haijui hata kama ipo. Bakari aliichukua kwangu kama amana, na mwenye amana ndo miye. Kuna mwanamke wa Wambaa ananyang'anywa miti yake, na aliyebaki kumshuhudia ni Bakari. Unamkatalia mumeo ushahidi?"

Bi Saada akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi msomeeni fatiha kwanza."

Tukaisoma. Kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku dogo la bati. Ndani mlikuwa na karafuu kavu za kufukuza wadudu, ndani ya karafuu mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kitambaa cha kijani, na ndani ya kitambaa Wambaa yote, mwandiko wa Mzee Faki juu yake. Kijino kimefungwa.

"Kila Ijumaa nalifukiza ubani," akasema. "Sanduku, si chenyewe."

Wadogo zangu, kabati la ofisi lilikuwa na kiyoyozi, funguo mbili na kibao cha Usiguse. Nusu ya kanda zake, tulipozikagua baadaye, zilikuwa na ukungu. Ya Bi Saada ilikuwa inang'aa. Mkiandika ripoti yenu ya usalama wa data, hilo la karafuu msilitie, hawatawaelewa.

Zilibaki siku sita. Niliporudi ofisini Injinia Seif alikuwa ananisubiri mlangoni, zipu zote zimefungwa.

"Dada Raya, nisamehe. Usiku sikulala."

"Utalala ukishanyanyua kitu kizito," nikamwambia. "Twende stoo."

Kompyuta ya zamani ilikuwa hai kwa kiasi chake. Walikuwa wameigeuza kigoda cha pipa la maji ya kutilia udhu. Tukaliweka pipa kwenye kiti cha mkuu, kile kibovu, tukaifungua mashine kwa bisibisi, tukatoa buibui na familia yake. Mzee Faki alikuwa kanipa, ndani ya jalada la daftari lake, santuri ya kompyuta, ile CD ya kuwekea mfumo ule wa kioo cheusi. Siku mbili nzima tukauweka na kuuweka tena, injinia anashika waya, mimi naandika amri. Kila amri ikikubali mashine inanyamaza, na yeye ananiuliza, "Imefanya kazi?" Namjibu, "Haijasema kitu." "Ndiyo au hapana?" "Injinia, mfumo wenye adabu hauzungumzi ovyo." Alianza kucheka siku ya pili. Nilimpenda kidogo siku hiyo, kwa kumwonea huruma, ikapita.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Kanda iliyolala miaka usiisome moja kwa moja. Kwanza hakikisha kijino kimefungwa, kwa macho na kwa kucha. Kisha izungushe mwanzo hadi mwisho bila kusoma, ijinyooshe kama mtu aliyeamka. Halafu ndiyo usome.

Tukasoma, ikakataa. Ilisema kosa na nambari. Injinia akatazama mkono wangu kama anangoja nami nibonyeze kitu cha kijinga.

Kosa lilikuwa la mafungu. Kanda huandikwa kwa mafungu, na ukisoma kwa fungu dogo kuliko aliloandikia mwenyewe, mashine inakataa. Mzee Faki alitumia fungu gani? Nikampigia simu. Kasahau. Kataja ishirini, ikakataa. Kataja thelathini na mbili, ikakataa. Akaanza kutaja nambari za mabata wake.

Nikakaa chini sakafuni, na akili yangu ikaenda dirishani kama ilivyozoea. Nje msichana alikuwa anateka maji bombani kwa kikopo kidogo kutia ndooni, na bomba lina nguvu, maji yote yanamrukia. Nikajisemea, si aiweke ndoo yenyewe chini ya bomba. Nikainuka. Nikaiamrisha mashine isome fungu moja tu, kubwa kuliko lolote ambalo mtu mwenye akili angeandika. Chombo kikubwa hupokea maji machache bila kugombana. Ikasoma, kisha ikaniambia yenyewe ilichopata: sitini na nne. Mwalimu wa hesabu, popote ulipo, akili ilikuwepo.

Kuku akataga asubuhi nzima. Saa sita majina ya Wambaa yakaanza kupanda kwenye kioo cheusi, mti kwa mti, na mimi na Injinia Seif tukawa tunayasoma kwa sauti kama watu wanaosubiri wageni bandarini. Alipopita Mize binti Omari tulipiga kelele mpaka pipa likaanguka.

Palibaki muhuri. Mkuu hakutaka kuupiga, kwa kuwa keshatia saini barua ya kwamba kumbukumbu hazikuwahi kuwepo, na heshima ya ofisi haimruhusu kuwepo na kutokuwepo mwezi mmoja. Nikashuka kwa mtu wa barua kuuliza ilipelekwa lini. Ilikuwa bado kwenye trei yake, siku ya sita, chini ya gazeti. Ofisi ya kadhi iko ng'ambo ya barabara. Uvivu wetu, ambao nimeusema miaka yote, siku hiyo niliubusu. Mkuu akairarua barua, akaupiga muhuri, na mwezi uliofuata akatoa hotuba ndefu kuhusu mafanikio ya mfumo mpya katika kuokoa kumbukumbu za zamani. Injinia Seif alitajwa. Alisimama akasema, "Ni dada Raya na mke wa dereva," watu wakadhani ni mzaha, wakapiga makofi.

Kwa kadhi nilikwenda mwenyewe, siku ya kumi, nimeshika karatasi kifuani. Bi Mize alikuwa upande mmoja na mwavuli wake. Upande wa pili Hamadi, mtu mrefu, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni, anatazama saa kila mara kama mtu anayeiwahi boti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nilikuwa nimeanza vizuri.

Kadhi akaisoma karatasi kwa sauti. Hapa sharti niseme kitu kuhusu Mzee Faki. Maofisa wengine walipoingiza daftari, sehemu ya maelezo waliiacha tupu. Yeye aliambiwa aandike anayosema mwananchi, akaandika anayosema mwananchi.

"Mikarafuu kumi na moja, bonde la chini, Wambaa," kadhi akasoma. "Mwenyewe, Mize binti Omari. Kaipataje: kapewa na babaake, mzima na akili zake. Maelezo: miche hii ilipandwa mwaka wa jua kali, na Mize ndiye aliyeibebea maji kichwani. Kakake, Hamadi, asinung'unike. Yeye nimempa shule."

Hamadi aliacha kutazama saa.

"Una la kusema?" kadhi akamuuliza.

"Hayo maneno ya baba," akasema Hamadi. "Alikuwa akisema hivyo hivyo. Asinung'unike." Akamgeukia kadhi. "Shehe, irejee hapo pa mwisho."

Kadhi akarejea. Yeye nimempa shule.

"Miti yake Mize, sina kesi," Hamadi akasema. "Ila nikiri mbele yako, Shehe. Hiyo shule niliikimbia. Muhula wa kwanza tu, nikaenda kubeba mizigo Malindi, kila mwaka naleta barua kwamba nimefaulu. Baba kafa hajui."

Bi Mize alikuwa anaifungua pole pole ile kamba ya mgomba ya mwavuli wake, hamtazami.

"Alijua," akasema. "Mwaka huo huo alipata habari. Alikaa siku mbili hali chakula. Siku ya tatu wakapita watu wa daftari, nikamwambia baba, hilo la shule litoe. Akasema liandikwe vivyo hivyo, kumpa kampa."

Hamadi akanyoosha mkono kwa kadhi, akaomba kuiona karatasi.